Viza Haihitajiki

Ukimwambia mtu wa Bujumbura kwamba mchumba wako yuko nje ya nchi, swali la kwanza huwa, "Yuko Ulaya?" na la pili, "Viza umeshapata?" Mimi hujibu kwamba yuko Kigali na kwamba viza haihitajiki. Hapo aliyeuliza hunyamaza kidogo, kisha husema, "Pole sana." Rafiki yangu ambaye mume wake yuko Ubelgiji hajawahi kupewa pole ya namna hiyo.

Kwa msomaji aliye mbali na sisi, ngoja nieleze. Kutoka nyumbani kwetu Kinindo hadi Kigali ni karibu zaidi kuliko kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki siku moja, tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kwa itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza na kupewa kibali cha bure cha hadi miezi sita. Saa zetu ni zile zile. Kirundi changu na Kinyarwanda chake vinaelewana kiasi kwamba hata tukigombana hatuhitaji mkalimani. Kwenye karatasi hatuna tatizo lolote. Tatizo letu ni kwamba tangu tarehe 11 Januari 2024 Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda, na karatasi nzuri haipiti mahali ambapo lango limefungwa.

Sababu zake zinajulikana. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2023 watu 20 waliuawa Vugizo, karibu na Gatumba, wakiwemo watoto 12. Kundi la waasi la RED-Tabara lilisema ndilo lililoshambulia. Serikali yetu ikasema kundi hilo linasaidiwa na Rwanda, na Rwanda ikakanusha. Mimi sina la kuongeza juu ya mambo ya wakubwa, na waliozika watoto wao wana msiba ambao siwezi kuuweka karibu na huu wangu. Ninachoweza kueleza ni jinsi watu wawili wanavyopanga kuonana baada ya jambo kama hilo, kwa sababu nimekuwa nikiifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja na miezi tisa na sasa naijua vizuri kuliko masomo yangu.

Tulikutana Agosti 2023, kwenye harusi ya binamu yangu hapa hapa Kinindo. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tena Oktoba ya mwaka uliotangulia, baada ya kufungwa kwa muda mrefu, na watu walikuwa wakienda na kurudi kama waliokuwa na deni la safari. Yeye alikuja na kundi la marafiki wa bibi harusi. Nilimpelekea sahani ya mukeke wa kukaanga, akaniuliza kwa Kiswahili kama kuna pilipili. Nilishangaa, maana wageni wa Kigali wakija kwetu huanza na Kinyarwanda au Kiingereza. Akasema alisoma Uganda, na bwenini kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya mpira. Mimi nasoma Kiswahili chuoni, kwa hiyo nilimsahihisha ngeli mbili kabla hajamaliza kula. Basi, yakaanza.

Miezi iliyofuata hatukuwa na neno "mipango". Basi liliondoka alfajiri, likapanda Bugarama kwenye ukungu, likapita Kayanza, na pale Kanyaru abiria wote tulishuka. Muhuri dirisha hili, muhuri dirisha lile, mtu ananunua mahindi ya kuchoma, mwingine anabadilisha faranga, tunapanda tena. Mchana nilikuwa stendi ya Nyabugogo. Nilikwenda mara mbili, yeye akaja mara tatu. Safari yake ya nne aliiahirisha kwa sababu ya msiba wa Vugizo, akakata tiketi ya Jumamosi tarehe 13 Januari. Mpaka ukafungwa Alhamisi. Tiketi hiyo bado anayo kwenye pochi yake, na mimi simwambii aitupe.

Nirudi kwa rafiki yangu mwenye mume Ubelgiji, kwa sababu kwa muda mrefu nilimwonea wivu. Anakaa Kibenga, jirani zetu upande wa kusini, na mume wake anafanya kazi Liège. Tulikuwa na mazoea ya kutembea jioni kuelekea ziwani kupitia Avenue du Large, mpaka ule mwaka 2024 Tanganyika ilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu, tukawa tunatembea barabara ya juu. Njiani yeye alizungumza juu ya viza na mimi nilizungumza juu ya mpaka. Nilidhani viza ni jambo la heri: kuna fomu, kuna ada, kuna tarehe ya majibu. Mpaka uliofungwa hauna fomu. Hauna dirisha la kupeleka maombi. Hakuna mtu wa kukukatalia.

Nilibadili mawazo nilipomsaidia kupanga makaratasi yake. Viza ya Schengen ya matembezi mafupi ni ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada yake ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024; kabla ya hapo ilikuwa 80. Ukikataliwa, ada hairudi. Maombi huwezi kuyapeleka mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Majibu ni siku 15, lakini sheria inaruhusu zifike 45. Lazima uwe na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mume aliye kule anatia saini fomu ya dhamana, anaipeleka manispaa yake ikagongwe muhuri, anaambatanisha hati za mshahara, anaituma. Wewe huku unatafuta euro. Kutafuta euro Bujumbura ni kazi ya siku nzima, kwa sababu benki ina bei yake lakini haina euro, na wabadilishaji wa mitaani wana euro lakini bei yao ni zaidi ya mara mbili ya ile ya benki.

Hayo yote yanachosha, ila hayaumizi. Kilichoumiza kilikuwa ndani ya barua ya kukataliwa, ile yenye visanduku. Ubalozi ulioshughulikia maombi yake ulitia alama kwenye kisanduku kinachosema kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka viza itakapokwisha. Yeye alikuwa amepeleka cheti cha ndoa, picha za harusi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za pesa ambazo mume wake humtumia kila mwezi. Tulikaa na barua ile sebuleni kwao tukaisoma mpaka tukaelewa. Kila karatasi aliyopeleka kuonyesha kwamba ana mume kweli ilikuwa pia inaonyesha kwamba ana sababu ya kubaki huko. Ukithibitisha kwamba unampenda mtu, umethibitisha kwamba hutarudi.

Mara ya pili alipeleka maombi tofauti. Picha za harusi alizipunguza. Aliweka barua ya mwajiri, hati ya kiwanja, na barua ya shule ya watoto, kisha akaeleza kwamba atasafiri peke yake na watoto watabaki kwa mama yake. Alipewa viza ya wiki tatu. Alikwenda, akarudi siku aliyoandikiwa. Mtoto wake mdogo, ambaye hakumwona baba yake, alimuuliza kwa nini yeye hakupelekwa, na mama yake hakuwa na jibu la kumfaa mtoto wa miaka minne. Jibu la kweli ni kwamba aliwekwa rehani.

Wivu wangu uliishia hapo. Mtaani kwetu kila mtu ana habari yake ya namna hii. Kuna vijana waliokwenda Serbia, kwa kuwa Warundi waliingia nchi hiyo bila viza tangu 2018. Njia hiyo ilifungwa Oktoba 2022, baada ya Umoja wa Ulaya kulalamika, na wake waliosema "nitakufuata mwezi ujao" hawakufuata. Kuna jirani ambaye mchumba wake yuko Marekani. Tangu tarehe 9 Juni 2025 Burundi imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake hawapewi viza za matembezi wala za masomo huko. Kila mmoja ana ukuta wake. Wangu ndio ulio karibu zaidi, na labda ndiyo maana watu hunipa pole.

Njia zetu za kuonana tulizihesabu kwenye simu usiku ule ule wa Januari, wakati bado tulidhani ni jambo la wiki mbili. Ya kwanza ilikuwa kupitia Kongo: mimi nivuke Gatumba hadi Uvira, nipande hadi Bukavu, nivuke Rusizi. Baba alikataa kabla sijamaliza sentensi, na Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, hata mimi niliacha kuitaja. Ya pili ilikuwa ndege ya kuzunguka kupitia Nairobi au Entebbe, ambayo ingemaliza akiba yetu ya harusi kwa safari moja. Ya tatu ilikuwa Tanzania.

Ukitazama ramani utaona mantiki yake. Burundi, Rwanda na Tanzania zinakutana kule kaskazini mashariki, karibu na mto Kagera. Mimi natoka Bujumbura hadi Gitega, Gitega hadi Muyinga, Muyinga hadi mpaka wa Kobero, navuka Kabanga na tayari niko wilaya ya Ngara. Yeye anatoka Kigali hadi Rusumo, anavuka daraja, na tayari yuko wilaya ya Ngara. Sisi sote tunaingia nchi ya tatu ili tufike mahali ambapo tungeweza kuitana kwa sauti kama isingekuwa vilima. Hapo Rusumo kuna bwawa la umeme la megawati 80, ambalo nchi zetu tatu zinagawana sawa kwa sawa. Mchumba wangu hupenda kusema kwamba umeme wa maporomoko yale unafika Burundi na Rwanda kila siku bila kuonyesha pasipoti. Utani huo ameurudia mara nyingi sana, lakini siwezi kusema ni uongo.

Baba alikubali kwa sharti moja: sitakwenda peke yangu. Akamteua shangazi, dada yake, anayekaa Buyenzi. Kwa hiyo bajeti ya kila safari ni ya watu wawili: nauli mbili, vitanda viwili, kadi mbili za njano za chanjo. Na Burundi ya miaka hii nauli si jambo la kukadiria ukiwa nyumbani. Esansi, kama tunavyoyaita mafuta ya gari hapa kwetu, haipatikani. Kuna siku basi la Muyinga linaondoka, kuna siku dereva yuko kwenye foleni ya kituo cha mafuta tangu juzi. Nimejifunza kutopanga siku ya kuonana; napanga siku ya kuanza safari, na naacha siku mbili za kupotea njiani. Yeye upande wake anaomba likizo ya siku tano ili tupate siku mbili.

Safari ya kwanza ilikuwa Julai 2024. Tulilala Muyinga usiku mmoja, tukafika Kobero asubuhi, na upande wa Kabanga afisa alimuuliza shangazi sababu ya safari. Shangazi akajibu bila kupepesa, "Nasindikiza mapenzi." Afisa alicheka akampa kibali. Mimi aliniuliza nabeba nini kwenye mfuko wa plastiki, nikamwonyesha ndagala.

Jambo moja hatukulihesabu, sisi wote wawili: saa. Tanzania iko saa moja mbele ya nchi zetu. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe nilipovuka, ya kwake haikubadilika kwa sababu alikuwa bado anatumia laini ya Rwanda. Tuliahidiana saa saba mchana kwenye stendi ya Ngara mjini. Nilikaa pale saa nzima nikiamini ameghairi, na shangazi akaanza kunihubiria juu ya wanaume wa kileo. Alipofika alikuwa anatabasamu, amewahi kwa dakika tano kwa saa yake.

Kuhusu shangazi, naona lazima niseme zaidi, kwa sababu Ngara haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1996, yeye na baba na bibi walikimbilia huko, wakaishi kambi ya Lukole miaka mingi. Huko ndiko shangazi alikojifunza Kiswahili, na ndiyo sababu mimi nilikisikia nyumbani kabla ya kukisoma chuoni. Kambi ile ilifungwa zamani. Siku ya pili ya safari yetu aliomba tumpeleke akaione. Dereva alituonyesha mahali. Palikuwa na miti na mashamba, na mbuzi wawili. Shangazi alitembea kidogo, akasimama, akasema hapa palikuwa na bomba la maji. Kisha akakutana na mama mmoja aliyekuwa akipalilia, wakasalimiana, yule kwa Kihangaza na shangazi kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu walizungumza nusu saa bila kututazama. Mchumba wangu na mimi tulikaa chini ya mti tukaongea. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukaa pamoja baada ya miezi saba, na sikumbuki tuliongea nini. Nakumbuka kwamba alikuwa amenyoa ndevu na kwamba kwenye simu sikuwa nimegundua.

Tangu hapo tumekutana Ngara mara nne. Tuna gesti yetu, ambayo mwenye nyumba wake anatuwekea vyumba vitatu bila kuuliza. Tuna mgahawa wetu. Tuna hata ugomvi wetu wa Ngara, ambao ni wa kila safari: siku ya pili jioni mmoja wetu huanza kuhesabu saa zilizobaki, na mwingine hukasirika kwamba zinahesabiwa. Wanaokaa pamoja wanaweza kukasirikiana Jumatatu wakapatana Alhamisi. Sisi tunapaswa kupatana kabla ya chakula cha usiku, kwa sababu asubuhi kuna gari la Kabanga. Sijui kama hilo linatufanya tupendane vizuri au linatufanya tufiche mambo. Nadhani yote mawili.

Mambo ya mipaka kuingilia wachumba si ya Afrika peke yake. Masika ya mwaka 2020, wakati wa korona, Ujerumani na Uswisi zilifunga mpaka kati ya miji ya Konstanz na Kreuzlingen, miji iliyoshikana kama Kinindo na Kibenga. Wapenzi walikuwa wakikutana kwenye uzio, wakishikana mikono kupitia wavu, mpaka ukawekwa uzio wa pili ili wasigusane. Mwezi Mei nyua hizo ziliondolewa. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwa ajili yao, nikaona pia kwamba wao walilia kwa wiki. Mfano wa mchumba wangu uko karibu zaidi. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Yeye alikuwa na ndugu pande zote mbili. "Gatuna ilichukua miaka mitatu," huniambia, kama daktari anayetaja siku za kidonda kupona. Kwa hesabu hiyo, wetu utafunguliwa Januari 2027. Mimi nitakuwa nimemaliza chuo. Bibi atakuwa na miaka 80, Mungu akipenda.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Kuonana tunaweza kuendelea kuonana. Ila mwezi wa Machi mwaka huu aliniambia anataka kuleta wazee wake kwa baba, na wazee hawawezi kupangiwa kama sisi. Kwetu na kwao, msichana huombwa nyumbani kwao. Wajumbe wa mvulana wanakuja na vinywaji, msemaji wao na msemaji wetu wanashindana kwa maneno, wanajifanya hawajui wanachotafuta, wanacheka, na mwisho wanakubaliana mahari. Bila siku hiyo hakuna ndoa ambayo baba ataitambua. Jamaa mmoja alishauri tufanye kwa simu, kila upande mbele ya kioo chake. Baba alimwuliza kama na ng'ombe atapita kwenye Lumicash.

Wanaweza kuja kupitia Kobero? Hilo tuliuliza watu wengi. Hakuna aliyetuambia ni marufuku kwa Mnyarwanda anayetokea Tanzania, na hakuna aliyetuambia ni ruhusa. Mama mkwe, au yule atakayekuwa mama mkwe, alisema hatawatuma kaka zake wazee mahali ambapo jibu ni "jaribuni muone". Namwelewa.

Basi mimi na shangazi tukaona Ngara ndiyo dawa. Ukumbi upo, mwenye gesti ana viti, wazee wa Kigali wanafika kwa siku moja, wazee wetu kwa siku mbili. Shangazi ndiye aliyempelekea baba habari hiyo, Jumapili baada ya ibada, sisi wote tumekaa barazani na umeme umekatika. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Ngara alipanga foleni ya mahindi na maharage akiwa na kadi shingoni, na kwamba alipovuka kurudi alijiapia kwamba watoto wake hawatapokea wala kutolewa chochote kwenye ardhi ile. "Mtoto wangu haombwi ukimbizini," alisema. Shangazi alimjibu kwamba hapana ukimbizi tena, pana mbuzi wawili. Baba hakucheka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za nauli na za heshima. Hiyo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sina.

Bibi pia hana pasipoti. Tulikwenda kumwombea, na mashine haikusoma vidole vyake. Jembe la miaka 60 limefuta alama zote. Alijaribu mara nyingi, akapaka mafuta, akafuta, akajaribu tena, kisha akaniuliza kama vidole vya miguu havifai. Tumeambiwa turudi.

Mwezi uliopita mchumba wangu alikuja na wazo ambalo kwanza nililiona la kichekesho. Mjomba wake ni raia wa Uganda, anakaa Mbarara. Binamu yake mwingine ni Mtanzania wa Karagwe, ana mke wa huko na watoto. Watu hao wanaweza kuingia Burundi bila swali lolote: Mganda anashuka kupitia Mutukula, anamchukua binamu Karagwe, wanaingia Kobero, wanafika Kinindo. Ujumbe wa Wanyarwanda usio na Mnyarwanda hata mmoja. Nilipomweleza baba alinitazama kwa muda. Akauliza, "Na mvulana mwenyewe?" Nikasema atabaki Kigali. Baba akafikiri, akasema zamani mvulana siku hiyo hakufungua mdomo. Huenda asiyetakiwa kusema anaweza pia asiwepo. Hilo kwa baba si kukubali. Lakini kesho yake alitaka kujua kama mjomba huyo ni wa upande wa mama tumbo moja, au ni mjomba wa kuitwa tu.

Ndoa ya serikali bado hatujaifikia, maana hapo wawili lazima tusimame mbele ya afisa mmoja, na sijui afisa huyo atakuwa wa nchi gani. Kwa sasa tunashughulika na Desemba. Mjomba wa Mbarara amesema yuko tayari, ila anataka kuhakikishiwa mafuta ya kurudia, kwa sababu amesikia habari zetu. Kaka yangu ameanza kuweka akiba kwenye madumu, lita tano tano, chini ya ngazi. Nyumba nzima inanuka. Mama analalamika kwamba tutaungua kabla ya kuozeshana, na baba, ambaye bado hajasema ndiyo, amemwambia ayahamishie nje kwenye kibanda, na afunge kwa kufuli.